Fisi Aliyekanwa

Mie kazi yangu kupasua kokoto. Ukipita njia ya Bagamoyo ukawaona wanawake wamekaa chini ya vivuli vya magunia, nyundo mkononi, rundo la mawe mbele yao, basi mmoja wao ni mie, Mwajabu binti Kondo, Mzaramo wa Tegeta. Nyumba ya marehemu baba ndiyo ninayoishi mpaka leo. Nakwambia kazi yangu mapema ili usije ukanishangaa huko mbele. Mtu anayegonga jiwe kutwa hana haraka na kitu.

Ila ninayetaka kukusimulia ni mdogo wangu, Shomari. Tumezaliwa wawili tu. Shomari mpole mpaka unamkasirikia. Tangu utoto, kuku wa jirani akivunjika mguu ataletwa kwetu, na Shomari atamfunga kijiti na kitambaa, atamlaza uvunguni kwake. Mama alikuwa akisema huyu mtoto moyo wake hauna mlango, kila kitu kinaingia. Mie wangu una mlango, tena una komeo kwa ndani.

Zilikuwa enzi za ruksa. Kila mtu anafungua kitu chake. Huyu kafungua banda la video, yule anauza mitumba, na Bwana Benjamin Maganga, Mnyamwezi aliyestaafu serikalini, akalizungushia wavu shamba lake la mikorosho, akatia nyani, nungunungu, digidigi, chatu wawili na mamba mmoja mzee, akasimamisha kibao: Bustani ya Hifadhi ya Wanyama. Shomari, ambaye kiwandani walikuwa wamempunguza, akaenda kuomba kazi. Maganga akamwambia, "Kijana, anza kwa kujitolea kwanza, halafu tutaona."

Kujitolea mie nakujua. Zamani mjumbe wa nyumba kumi anapita alfajiri anagonga milango, kesho tunachimba msingi wa shule, na usipotokea jina lako linatajwa mkutanoni. Huko ndiko kulikokuwa kujitolea kwetu. Sasa kukaja kwingine kupya. Vijana wa Ulaya wanaozunguka dunia na mabegi mgongoni, wakifika Dar wanasikia kuna bustani Tegeta, wanakuja kukaa wiki kadhaa, wanazoa mavi ya nyani, wanaungua jua, na siku ya kuondoka wao ndio wanaomshukuru Maganga kwa kuwakubali. Nilicheka mbavu zikaniuma. Nikamwambia Shomari, na wewe nenda basi kwao ukazoe mavi ya ng'ombe wao, uone kama watakupokea. Akacheka, akaenda zake kazini.

Maganga alikuwa pia na fisi. Aliletewa akiwa mchanga kutoka kwao Tabora, amefungwa ndani ya kapu, na idara ya wanyama hawakuwa na habari naye, kwa sababu kibali cha fisi hakuwa nacho. Banda lake lilikuwa nyuma kabisa, na wageni walikuwa wakipelekwa huko kimyakimya. Mama yake Maganga, Bibi Rosalia, ndiye aliyemnywesha maziwa kwa kata yake mwenyewe mpaka akaota meno. Shomari akamlea kutoka hapo. Akampa jina, Sikudhani, na kwa mkato anamwita Siku. Mie mwenyewe nilikwenda mara nyingi kumpelekea Shomari chakula, nikamwona huyo Siku anakuja mbio mpaka kwenye wavu, anajilaza, anakunwa shingo. Sikumpenda. Lakini nilimwona, na hilo ulishike.

Basi mwaka huo, tisini na tatu, akaja mzungu mmoja kijana, Anders, Mdenishi. Alikuwa ameanza safari yake Misri, anashuka na bara lote mpaka kusini, na pale Tegeta alisema atajitolea kidogo kabla ya kuendelea. Hakuwa mtu mbaya. Alikula kwangu mchicha na dona, akanisalimia shikamoo, ingawa alimsalimia hivyohivyo na mtoto wa miaka mitatu. Shomari akamfundisha kulisha, kufagia, kufunga komeo. Komeo la banda la Siku lilikuwa la kamba na kijiti. Unapitisha, unarudisha, unavuta. Usiporudisha, hujafunga.

Jioni moja Anders akaja kwetu anahema, uso umemwiva. Akasema, "Shomari, mimi sahau. Mlango mimi sahau." Alikuwa amemtoa Siku apige naye picha ya kuwaonyesha kwao, akamrudisha, akapitisha kamba na asiirudishe. Wakaenda wote wawili kwa Maganga, na Anders akasema palepale mbele ya Bibi Rosalia kwamba kosa ni lake. Maganga akamtuliza, akamwambia ni jambo dogo. Kesho yake asubuhi akampeleka mwenyewe stesheni akapanda treni ya kwenda Zambia. Simchukii yule mtoto. Alisema ukweli wake, akaondolewa.

Fisi akawa mtaani siku mbili. Alichukua mbuzi wawili wa Mzee Sadallah, mjumbe wetu. Watu wakasema amefukua na kaburi, ambalo mie sikuliona limefukuliwa na simjui aliyeliona. Unajua Tegeta ya wakati ule. Fisi wa porini ni mnyama. Fisi anayezunguka nyumba za watu ana mwenyewe, na mwenyewe anampanda usiku. Maganga alijifungia ndani kimya. Shomari hakulala, anazunguka vichakani anaita, "Siku, njoo mama. Njoo." Nilimwambia, wee Shomari, huyo si fisi wako, kaa nyumbani. Akasema ataogopa huko peke yake. Nani ataogopa? Fisi, ati.

Siku ya tatu asubuhi, jua limeshatoka, tuko bombani, wanawake na ndoo zetu. Shomari akatokea kwenye kinjia cha mikorosho, ametota umande, na ubavuni kwake fisi. Hana kamba. Shomari kaweka mkono shingoni pake, anamsemesha polepole, wanatembea kama mtu na mwanawe wanarudi sokoni. Yeye alidhani anatuokoa. Ndoo zikaanguka. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Kumbe ni Shomari." Hilo neno nimelisikia miaka yote hii likipita masikioni mwangu.

Watu wakajaa. Shomari akawaambia, "Ni wa Bwana Maganga, namrudisha bandani kwake." Mzee Sadallah akasema haya, twende, akaulizwe. Tukaenda wote mpaka getini. Maganga akatoka na shuka kiunoni, mswaki mdomoni. Fisi alipomwona akakaa chini, akawa anatetemeka, maana watu walikuwa wengi na mawe wameshaokota. Sadallah akauliza vizuri tu, "Bwana Maganga, huyu fisi wako?"

Maganga alimtazama fisi, akamtazama Shomari, akautazama umati. Nami nikamtazama yeye, nimesimama karibu kiasi cha kuuona mswaki ukiacha kusogea. Akatema mate pembeni.

"Wangu wapi? Mie sina fisi. Huyo simjui."

Maneno hayo tu. Akarudi ndani. Alikuwa anaogopa idara ya wanyama wamfungie bustani, na wale vijana wenye mabegi wasije tena. Kwa ajili ya hilo alimkana mnyama aliyenyweshwa na mama yake, na akampa mdogo wangu uchawi.

Kabla sijasema kwamba nimemwona bandani, jiwe la kwanza lilisharuka, na baada ya hapo neno la dada mtu lisingeaminiwa. Walimuua Siku pale pale getini, Shomari amemkumbatia. Na yeye wangemmaliza, ila mie nilikuwa na nyundo yangu ya kokoto kiunoni, maana bombani hupita nikienda kazini, nikasimama juu yake, na wote waliujua mkono wangu. Sadallah akasema mwacheni aondoke, lakini aondoke leo. Mchana ule Shomari akaenda Chanika, shambani kwa mjomba, na mie nikarudi nyumbani kuosha damu kwenye nguo zake, damu ya fisi na yake, sikuweza kuzitenganisha.

Basi akawa mtu wa Chanika. Analima muhogo, anakaa kibandani peke yake. Kila nikienda ananiuliza habari za Tegeta, nyumba ya nani imeezekwa bati, bomba linatoa maji. Anauliza na mti wa mfenesi wa baba kama umezaa. Mama alifariki, akaja kumzika amejifunika kofia mpaka machoni, akaondoka kabla ya dua kwisha kwa sababu watu walikuwa wanasogea wakimwachia nafasi. Alitaka kurudi nyumbani. Hilo tu, hakuwa na jingine. Na mie nilitaka kitu kimoja, kwamba Maganga aliyefunga mlango ule kwa mdomo wake, aufungue kwa mdomo huohuo, mbele ya watu walewale.

Nisikudanganye, niliwaza mengine pia. Niliwaza kuwasha ule wavu na mikorosho yake. Niliwaza mengi nikiwa nagonga mawe, na kila jiwe nililipa sura yake. Lakini moto ungemfanya aonewe huruma. Ndipo nikakumbuka kwamba Maganga ni Mnyamwezi na mie ni Mzaramo.

Sie na Wanyamwezi ni watani, tangu wazee wao walipokuwa wakishuka pwani na mizigo. Mtani anaweza kukwambia lolote na usikasirike. Anaingia jikoni kwako anafunua sufuria. Na kwenye msiba wako ndiyo kabisa, mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu hana: anavaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake, anataja aibu zake, na akitaka analala kaburini msizike mpaka mmridhishe. Na hatolewi kwa nguvu. Kumtoa ni aibu isiyofutika.

Nikaanza kumtania Maganga. Kwanza kwa mbali, njiani. "Mnyamwezi wee, leo umeoga?" Akashtuka, halafu akacheka, akafurahi kweli, nikaona mabega yake yameshuka. Alidhani yamekwisha. Kila msiba wa Kinyamwezi Tegeta nzima nikawa wa kwanza kufika, nikiimba, nikiiba kuku, nikivaa suruali za marehemu. Watu wakasema Mwajabu amesahau, moyo wake umekunjuka. Maganga akawa ananiita mtani wangu kipenzi. Nilicheka naye miaka minne. Ukimchukia mtu kisawasawa unaweza hata kumpikia.

Mwaka wa tisini na saba Bibi Rosalia akafariki. Nilimlilia, yule bibi hakuwa na baya nami. Kisha nikajifunga kibwebwe.

Walimchimbia kaburi ukingoni mwa shamba la mwanawe, karibu na lile banda la nyuma. Wao Wakatoliki, kwa hiyo wanawake tunafika mpaka kaburini. Tegeta yote ilikuwapo, Mzee Sadallah na wale wa bombani pia. Mie nimeshavaa kanga ya marehemu, nimeshika mkongojo wake, natembea nimepinda kama yeye, nawaomba wajukuu wanikune mgongo. Watu wanacheka huku wanalia, ndivyo inavyokuwa. Jeneza lilipofika nikaukabidhi mkongojo kwa mtu, nikateremka kaburini, nikalala chali, nikakunja mikono.

"Haya, mtani keshalala," mtu akasema, na wakaanza kurusha vijisenti. Nikavirusha nje. Wakaniletea kuku, nikamwachia akaruka. Maganga akanitupia doti mpya ya kanga, anacheka, machozi yanamtoka. Nikaifanya mto.

"Unataka nini, mtani?" akaniuliza.

Nikasema kwa sauti ya Bibi Rosalia, ile ya puani, "Benjamini mwanangu, siwezi kulala. Kuna mtu ananitafuna moyo. Yule mtoto niliyemnywesha maziwa kwa kata yangu, ni wa nani?"

Wengine wakaendelea kucheka. Yeye hakucheka.

"Benjamini. Yule mwenye meno na mkia. Aliletwa kwenye kapu kutoka Tabora. Ni wa nani?"

Kicheko kikafa huko juu. Maganga akachuchumaa ukingoni, udongo ukaniangukia usoni. Akaninong'oneza, "Mwajabu, toka basi. Haya tutazungumza nyumbani."

"Sikusikii," nikamwambia. "Nimekufa."

Katekista akatazama saa. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa bahari na kila mtu aliyaona. Maganga akawageukia vijana wawili kama wanitoe. Mjomba wake, mzee aliyekuja kwa treni kutoka Tabora kumzika dada yake, akamzuia kwa fimbo. "Mtani hatolewi. Anachokitaka mpe, dada yangu apumzike."

"Mjomba, huyu ana lake jambo."

"Kila mtani ana lake. Mpe."

Nikamwona anasimama, anaangaza uso huu na huu. Akasema kitu kidogo, kooni. Nikasema, "Sisikii, mwanangu, nyie mlio juu mmesikia?" Sauti ya Mzee Sadallah ikajibu kwamba hawakusikia.

Ndipo Maganga akasema kwa nguvu, analia sasa kilio kingine. "Fisi alikuwa wangu. Nilimleta mie, mama alimlea. Mlango aliusahau yule mgeni wa kujitolea, akaniambia mwenyewe. Shomari alikuwa anamrudisha kwangu. Nilimkana." Akarudia, "Nilimkana."

Nikakaa kitako kaburini. Nikaangalia juu, nyuso zimezunguka, na kila uso niliokuwa nautaka ulikuwapo. Nilitulia nikazishiba. Kisha nikampa mjomba mkono akanivuta, nikavua kanga ya bibi nikaikunja, na tukazika vizuri kabla ya mvua.

Kesho yake nikaenda Chanika. Shomari alinisikiliza akiwa anamenya muhogo. Hakuuliza Maganga alilia vipi, ingawa nilikuwa nimejitayarisha kumweleza. Akaingia ndani akafunga nguo zake kwenye shuka, akasema twende.

Sasa sikiliza. Mie nilidhani watu wakisikia ukweli wataushika kama ulivyo. Lakini usiku ule wa matanga kulikuwa na mnong'ono mwingine. Mtu akiwa na fisi wa kawaida atamkana kwa nini? Alimficha nyuma ya nyumba, anamnywesha maziwa kwa siri, mama yake naye anamjua. Aliponaswa akamsukumia mtoto wa watu. Kumbe mwenyewe ni yeye. Maneno yaleyale, mdomo uleule wa bombani. Niliyasikia nikiwa naondoka kwenda Chanika, na nisikufiche, niliyapenda.

Jioni ile Shomari alikuwa amekaa sebuleni kwa baba, sahani ya wali na samaki wa nazi mbele yake, chakula chake cha kwanza nyumbani. Mlango ukagongwa kwa viganja. Maganga huyo, kandambili mguu mmoja. Nyuma yake uani watu wamejaa, Mzee Sadallah mbele, na mawe wanayo.

"Mtani," Maganga akaniambia, "wewe ulikuwa unakuja pale bustanini. Ulimwona bandani, ulimwona anafugwa ili wageni wamtazame. Waambie."

Sadallah naye akauliza, vizuri tu kama mwaka ule. "Mwajabu, sie tunakuamini wewe. Huyo fisi alikuwa mnyama wa bustani, au alikuwa wa nini? Ulimjua?"

Nilisimama mlangoni. Mkono wake Maganga ulikuwa umeshika mwimo wa mlango wangu. Nilikuwa na neno moja tu la kusema na angekwenda kulala kwake.

"Fisi gani?" nikasema. "Huyo simjui."

Nikaona linavyomwingia. Miaka yote nilitaka kuuona uso ule, na niliuona, na ulikuwa mtamu. Sitasema vingine ili unione mtu mwema.

Nyuma yangu sahani iliyosukumwa ikalia sakafuni. Shomari akapita ubavuni kwangu, mkono bado una wali. Akawaambia watu, "Alikuwa mnyama wa bustani. Alikuwa anaitwa Sikudhani. Mie ndiye niliyekuwa namlisha." Kisha akamshika Maganga mkono, akauweka mwingine shingoni pake, akateremka naye barazani, anamsemesha polepole. Sikuyasikia maneno. Watu wakafungua njia, mawe mkononi, wala hakuna aliyerusha. Wakapita wote wawili, wakachukua kile kinjia cha mikorosho kwenda getini.

Mie sikutoka. Nilifunga komeo, nikafunika wali. Aliporudi aligonga, nikamfungulia. Akanawa, akakaa, akala tonge moja.

"Wali umepoa, dada," akasema.

"Ulitoka mwenyewe."

Akafinyanga tonge la pili. Kisha akasema, "Alikuwa anatetemeka vilevile. Kama Siku siku ile."

Nikaichukua sahani nikaenda kuupasha moto. Maganga bado yupo, na asubuhi tukikutana njiani hunisalimia, "Hujambo, mtani." Shomari anasema si vizuri kutomjibu. Mie napita.